Uzinduzi wa Taa ya Tangi la Samaki, Kliniki ya Macho

Mheshimiwa Mganga Mfawidhi wa hospitali hii. Daktari Bingwa wa Macho, ambaye nimeambiwa yuko chumba cha upasuaji na anatusikiliza kupitia ukuta. Sista Msimamizi wa Kliniki. Wakuu wa vitengo vya maabara, famasi, jiko, dobi na lango kuu. Ndugu wauguzi wa zamu ya asubuhi, pamoja na ninyi wa zamu iliyopita mliozuiwa kwenda nyumbani ili ukumbi ujae. Ndugu wagonjwa mliokwisha funguliwa macho. Ndugu wagonjwa ambao bado mmefungwa macho na kwa hiyo hamjafaidi tai yangu. Wasindikizaji wa wagonjwa. Mabibi na mabwana. Na ninyi samaki tisa, ambao bila ninyi leo tusingekuwa na ajenda: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya adabu.)

Kwa wale ambao hatujaonana, na nikitazama bendeji zilizomo humu ukumbini naona ni wengi, mimi ni Kaimu Mkurugenzi Msaidizi wa Idara ya Mwonekano na Ustawi wa Majengo ya Huduma, cheo ninachokikaimu kwa mwaka wa sita sasa bila kuchoka na bila kuthibitishwa. (Mtu anakohoa.) Nasikitika kwamba kipaza sauti kimechukua dakika arobaini kukubali kusema. Lakini dakika hizo hazikupotea, maana nilikaa kwenye benchi lile la mbao katikati ya wagonjwa wawili, nikasimuliwa mambo ambayo hayamo katika hotuba hii iliyoandaliwa kitaalamu, na ambayo kwa hiyo nitayachomeka pale yatakapoenea.

Ndugu wananchi, tumekusanyika hapa leo Ijumaa kuzindua Programu Jumuishi ya Kurejesha, Kuboresha na Kuendeleza Mwanga wa Tangi la Samaki, Awamu ya Kwanza. Nawaomba msiichukulie taa hii kama taa. Taa ni neno la mtaani. Sisi wataalamu tunaiita miundombinu angavu ya majini. (Kicheko kutoka benchi la nyuma.) Nacheka pamoja nanyi, ingawa sikukusudia kuchekesha.

Nianze na beslaini, yaani hali ilivyokuwa kabla hatujaingilia kati. Kliniki hii ina tangi moja la samaki, la kioo, lenye urefu wa hatua moja ya mtu mzima, lililowekwa juu ya kabati la chuma katika chumba kidogo kilichoko nyuma yangu, mnachokiita chumba cha kufungulia. Ndani yake mna samaki wekundu sita, wawili wenye milia, na mmoja mweusi mwenye mkia mpana ambaye wagonjwa wamempa jina la Bosi. Kitakwimu, hiyo ni asilimia sitini na sita nukta saba wekundu, ishirini na mbili nukta mbili milia, na kumi na moja nukta moja Bosi, takwimu ambazo idara yangu ni ya kwanza kuzikokotoa. (Makofi.)

Chumba kile mapazia yake hufungwa mchana kutwa, kwa sababu jicho lililotolewa mtoto wa jicho jana haliwezi kukabiliana na jua la leo. Mgonjwa huingizwa ameshikwa mkono, hukalishwa kwenye kiti mbele ya tangi, ikiwaka taa ya tangi peke yake. Sista humbandua bendeji taratibu, humfuta kope kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, kisha humuuliza swali moja: "Unaona samaki wangapi?" Mimi kama mtaalamu niliuliza mashine iko wapi. Nikaambiwa mashine ipo, chumba cha pili, na inapima herufi, ila mgonjwa haendi huko kwanza. Sista akaniambia, "Mkurugenzi, mtu aliyekaa gizani miaka mitatu humwanzii na herufi. Unamwonyesha kitu kinachotembea." Maneno hayo nimeyaandika kwenye daftari langu na yatatokea katika ripoti ya mwaka kama dira ya idara. (Sista anatikisa kichwa.)

Sasa, miezi mitano iliyopita taa ile, ambayo ni tyubu nyembamba iliyopachikwa ndani ya mfuniko wa tangi, ilianza kupepesa. Inawaka, inasinzia, inawaka. Sista, kwa uzalendo mkubwa, aliiandikia idara yangu barua. Akaandika ya pili kukumbushia ya kwanza, ya tatu kukumbushia ya pili, na ya nne ambayo, kusema kweli, haikuwa na lugha ya kiofisi. Idara haikulala. (Sauti: "Ililala.") Haikulala, ndugu yangu. Idara ilianzisha mchakato. Iliundwa taskifosi ya watu kumi na mmoja. Taskifosi ikagawanyika katika kamati ndogo mbili, ya maji na ya umeme, kwa kuwa kiusalama vitu hivyo viwili havitakiwi kukutana, na kweli kamati hizo hazikuwahi kukutana. Ikachorwa rodimapu, yaani ramani ya njia. Ikafanyika fizibiliti ya siku kumi na nne kuchunguza iwapo samaki wenyewe wana haja ya kuonana. Stekiholda wote wakashirikishwa, ukiwaondoa waliokuwa humu ndani. Ikatayarishwa fomu ya maombi, fomu ikauliza aina ya taa, kwamba ni ya barabarani, ya ofisini, ya dharura au ya jukwaani, na ilipoonekana kwamba hakuna kisanduku cha samaki, tukaamua kwa busara kusubiri fomu ikomae. Hadi kufikia Jumatatu wiki hii, utekelezaji ulikuwa umefikia asilimia themanini na tatu. (Makofi machache. Sauti ya mwanamke: "Asilimia themanini na tatu ya nini?") Ya utekelezaji, Bibi.

Aliyeuliza swali hilo, kwa faida ya mliofungwa macho, ni yule bibi wa mstari wa mbele mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Hapa kliniki mnamwita Bibi Mshonaji. Ni mmoja wa wale wawili niliokaa nao kwenye benchi. Ameshona nguo za watu miaka arobaini: sare za shule, magauni ya harusi, mapazia, na mara moja, ameniambia, suruali ya bwana mmoja aliyekataa katakata kupimwa kiuno. Miaka mitatu iliyopita macho yake yaliingia ukungu. Akaendelea kushona kwa kupapasa, mpaka siku aliposhona mkono wa shati mahali pa kola. Mwenye shati akaja, akalichukua, akalitazama, akasema asante, akaondoka nalo bila kulalamika. Bibi anasema kilichomuuma ni huko kutolalamika. Siku hiyohiyo aliifunika cherehani yake kwa shuka.

Naomba mniruhusu niiweke karatasi kando kidogo. (Anaikunja karatasi, anaitia mfukoni.)

Jumatatu Bibi alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. La kushoto bado. Jumanne saa tano asubuhi Sista akamshika mkono, akamkalisha kwenye kile kiti, akaanza kumbandua bendeji. Na katika muda uleule, taa iliyokuwa ikipepesa miezi mitano ikapepesa mara mbili, ikazima. Sista hakuiona ikizima. Alikuwa amelipa tangi mgongo, ameinama anatazama jicho kwa mwanga hafifu wa mlangoni, kama inavyotakiwa. Akamfuta kope, akauliza kwa mazoea, "Unaona samaki wangapi?"

Bibi akatazama mbele. Akasema, "Sioni kitu."

"Tazama vizuri, Bibi."

"Mwanangu, nimetazama. Ni giza tu."

Sista akageuka, akaona tangi limekuwa jeusi. Akasema, "Bibi, si jicho. Taa imezima sasa hivi."

Bibi akamjibu, "Nimelea watoto sita. Najua mtu anavyosema akitaka kunituliza." Akafumba macho, akashusha kitambaa chake mpaka puani, akaomba arudishwe kitandani. Sista akaleta tochi ya simu. Bibi akakataa. Alisema mwanga anauona hata kope zikiwa zimefungwa, mwanga aliuona hata miaka yote ile ya ukungu, na yeye hakuja hospitali kufuata mwanga, alikuja kufuata tundu la sindano. Akagoma kufumbua. Chakula cha mchana alikula macho kafumba. Sista akamwomba afumbue hata kidogo atazame mkono wake mwenyewe, akasema mkono wake anaujua.

Hayo yangekuwa ya mtu mmoja, lakini wodi ina masikio. Walikuwepo wagonjwa kumi na mmoja wanaosubiri upasuaji wa Jumatano na Alhamisi. Habari ilifika vitandani kabla ya Bibi mwenyewe kufika. Mwalimu mstaafu wa kitanda cha mlangoni alikuwa wa kwanza kukunja nguo zake za kulalia na kuzitia kwenye mfuko. Akasema, "Kama mtu wa sindano hakuona, mimi wa chaki nitaona nini." Ilipofika saa saba, watano walikuwa wamefunga mizigo na mmoja alikwisha mpigia mkwewe aje kumchukua. Daktari naye yuko chumba cha upasuaji, jicho la mtu liko wazi mbele yake, hawezi kutoka kuja kubembeleza. Sista akaipigia simu idara yangu. Simu iliita, ndugu wananchi. Nataka hilo liingie kwenye kumbukumbu, maana ni ushahidi kwamba mfumo wetu wa mawasiliano uko imara. Iliita mpaka ikachoka. (Kicheko. Mkurugenzi anasubiri kiishe.)

Kitanda cha nne alilala fundi umeme. Ni yule bwana mwenye mabega, aliyekaa kando ya Bibi, ndiye wa pili wa benchi langu. Yeye naye alifanyiwa upasuaji Jumatatu, ila jioni, na bendeji yake ilikuwa itolewe saa tisa, si dakika moja kabla. Jicho la pili limejaa mtoto wa jicho. Kwa hesabu zetu za kiidara, uwezo wake wa kuona saa hiyo ulikuwa asilimia sifuri. Akamwita Sista, akauliza, "Hiyo taa ilizima ghafla, au ilianza kwa kupepesa?"

"Imepepesa miezi mitano."

"Basi si tyubu. Ni waya. Nipeleke."

"Wewe huoni."

"Nimetambaa kwenye dari za watu miaka ishirini na tano," akasema Fundi. "Huko nako huwa sioni."

Na vifaa anavyo. Ndani ya mfuko wake wa hospitali, kati ya taulo na sabuni, mlikuwa na bisibisi, kisu kidogo na utepe mweusi wa umeme. Siku anatoka nyumbani mkewe aliuliza ni kitu gani kinagonga humo, akamwambia ni mswaki. (Mwanamke wa mstari wa pili: "Nilijua.") Pole sana, mama. Sikujua kama upo.

Sista akamwongoza mpaka chumba cha kufungulia. Jambo la kwanza, Fundi akasema, "Chomoa plagi, niwekee mkononi." Alipoishika akaitia kwenye mfuko wa pajama, akasema, "Sasa tunaweza kuzungumza." Akaunyanyua mfuniko, akaulaza mezani, akaufuata waya kwa vidole kidogo kidogo kama mtu anayetafuta mwiba, mpaka shingoni, pale unapoingia kwenye kishikio cha tyubu. Hapo palikuwa pameoza. Unyevu wa maji umekula shaba miaka na miaka mpaka imebaki uzi mmoja, na uzi huo nao ulikuwa umekatika asubuhi ile. Akakata kilichooza, akaumenya waya upya. Kazi ikabaki moja tu: kupitisha zile nyuzi za shaba kwenye kitundu cha skrubu. Na vidole vya Fundi mmeviona. (Fundi anainua mkono. Kicheko.) Akajaribu mara tatu, nyuzi zikatawanyika mara tatu.

Akauliza, "Yule mama aliyegoma, kazi yake nini?"

"Mshonaji," akasema Sista.

"Niletee."

"Fundi, amekataa kufumbua macho."

"Nani kamwambia afumbue? Mimi nataka vidole."

Sista akaenda wodini. Bibi ameniambia kwamba alikuwa amekwisha amua kutozungumza na mtu mpaka binti yake aje, lakini Sista hakumwambia habari za jicho. Alimwambia kuna mtu kashindwa kutunga uzi. Bibi akateremka kitandani.

Alikaa mezani, macho kafumba, kitambaa mpaka puani. Akasema, "Nasikia uzi umekushinda."

"Umenishinda, Mama. Ziko nyuzi ishirini na kila moja ina akili zake."

Bibi akapewa waya. Akaupeleka mdomoni kuulowesha, kwa mazoea ya miaka arobaini, Sista akamdaka mkono. Akausokota kwa kidole gumba na cha shahada mpaka ukawa kitu kimoja, akakitafuta kitundu kwa ukucha wa kidole kidogo, akatia. Mara moja. Akasema, "Kaza." Fundi akakaza skrubu. Waya wa pili vivyo hivyo. "Kaza." Fundi akazungusha utepe wake, mfuniko ukarudishwa juu ya tangi. Yeye anasema hajawahi kufanya kazi na mtu mwenye mkono mtulivu kiasi kile, na amefanya kazi na watu wenye vyeti.

Kisha akaitoa plagi mfukoni, akampa Sista. "Chomeka. Halafu nyamazeni wote."

Sista akachomeka. Pakasikika mvumo mdogo. Sista akatazama tangi, na kwa kuwa kaambiwa anyamaze, akanyamaza.

Fundi akamgeukia Bibi. "Mama, imewaka?"

"Muulize Sista."

"Sista ni mtu wa hospitali, kazi yake kututuliza. Mimi nimefanya kazi, nataka kujua imekubali au imekataa. Humu ndani mwenye jicho lililofunguliwa ni wewe, na wewe huna sababu ya kunidanganya."

Bibi akakishikilia kitambaa palepale puani. Ameniambia pale benchini, na alinishika mkono huu wakati ananiambia, kwamba hakuwa anafanya ukaidi. Alikuwa anaogopa. Macho yakiwa yamefumbwa, bado kuna kitu mbele yake. Akifumbua na kukuta giza, basi imekwisha, na ile cherehani itabaki chini ya shuka mpaka watu wagawane vitu vyake. Akamuuliza Fundi, "Mwanangu, na nikifumbua nikakuta giza?"

"Basi tutakuwa wawili gizani, nami nitaanza upya na waya."

Bibi akapandisha kitambaa. Akafumbua.

(Mkurugenzi anakunywa maji.)

"Imewaka," akasema. Kisha akasogeza uso karibu na mfuniko, akasema, "Lakini utepe hukuzungusha vizuri. Kuna unywele wa waya umechomoza hapa."

Fundi anasema kazi yake imesifiwa mara nyingi maishani, lakini haijapata kusifiwa namna hiyo. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akaomba plagi ichomolewe, akaurudia utepe, Bibi akisimamia: hapo, kulia kidogo, pinda, bana. Taa ilipowashwa tena, Sista akauliza swali lake, kwa sauti ambayo wenzake wanasema haikuwa sauti yake ya kazini. Bibi akahesabu kwa kidole. "Tisa," akasema. "Na yule mweusi kapindwa vizuri sana mkiani."

Saa tisa Fundi naye akafunguliwa, palepale, mbele ya taa yake mwenyewe. Sista anasema hakutazama samaki hata mmoja. Alitazama waya. Daktari alipotoka upasuaji na kusikia kwamba wagonjwa wake wawili, macho hayajapoa, wamechezea umeme juu ya maji, alifoka mpaka korido ikasikia. Kisha akaingia mle chumbani, akakaa kwenye kile kiti, na hakutoka kwa robo saa. Bibi akapita wodini kitanda kwa kitanda akiwasomea watu kilichoandikwa kwenye kadi zao. Mwalimu akazitoa nguo za kulalia kwenye mfuko. Hakuondoka hata mmoja. Wote kumi na mmoja wamefanyiwa upasuaji, Jumatano na jana, na wale wa jana ndio hawa mnaowaona na bendeji.

(Makofi marefu, hayaelekezwi jukwaani.)

Asanteni. (Anatoa karatasi, anaikunjua.) Asanteni kwa makofi hayo, ambayo nayapokea kwa niaba ya idara. Kwa lugha ya kitaalamu, haya niliyoyasimulia yanaitwa impakti. Idara ilifika asilimia themanini na tatu, wananchi wakamalizia asilimia kumi na saba iliyobaki, tukapata mia. (Bibi Mshonaji: "Kumi na saba?") Basi ishirini, Bibi. (Fundi: "Tumekaza skrubu mbili, Mkurugenzi.") Thelathini. Nawasihi tusiendelee kupanda, kwa sababu hesabu za taifa haziruhusu kuvuka mia. Katika Awamu ya Pili idara itaangalia taa ya korido. Katika Awamu ya Tatu tutatazama uwezekano wa kuwaongezea samaki samaki. Na ukutani hapo kushoto mtaona kibao cha kumbukumbu, ambacho kwa sababu ya ufinyu wa nafasi kimebeba jina langu tu. (Minong'ono.) Kalamu ya wino mzito ipo. Baada ya hotuba, anayetaka kuongeza majina mawili chini yake sitamwona. La Sista pia. Matatu.

Sasa kaulimbiu yetu. Nikisema taa, mtaitikia iwake. Taa. (Ukumbi: "Imeshawaka.") Hapana, ni iwake. Taa. ("Imeshawaka.") Naona mmeutangulia mpango. Tujaribu ya pili: Idara yetu. (Kimya.) Idara yetu. (Sauti moja, ya dereva wa Mkurugenzi, kutoka nyuma: "Macho yetu.") Inatosha.

Kabla sijaketi, niwashukuru waliofanikisha mradi huu. Namshukuru katibu muhtasi wangu, ambaye jana jioni alipokuwa akitafuta kitu kigumu cha kukazia mguu wa meza yangu unaoyumba, alikuta kitu kigumu kimekwisha wekwa, akakivuta, zikawa ni barua nne zenye mhuri wa kliniki hii, hazijafunguliwa. Bila uchapakazi wake nisingejua kwamba mna tangi. Namshukuru Mganga Mfawidhi, aliyepokea simu yangu saa mbili asubuhi ya leo na kukubali uzinduzi wa saa nne. Na kwa namna ya pekee namshukuru dereva wangu, mliyemsikia, ambaye taskifosi tuliiunda naye garini. Mimi nilipendekeza wajumbe saba, yeye akasema kumi na mmoja ndiyo inaaminika. Rodimapu tuliipata tulipopotea njia. Fizibiliti tuliifanya pale getini, siku zote kumi na nne, wakati mlinzi anatafuta ufunguo. Na hiyo asilimia themanini na tatu ilikuwa namba ya gari lililokuwa mbele yetu.

(Ukumbi unacheka. Mkurugenzi anataka kuendelea, anasita, anaangalia karatasi, hakuna kilichobaki kwenye karatasi.)

Sikupanga kulisema hilo la mwisho. Ni kwa vile Bibi ananitazama, na sasa anaona. Basi, kwa mamlaka ninayoyakaimu, natangaza kwamba mradi huu, ambao haukuwahi kuwepo, umekamilika kabla ya wakati. Nawashukuru kwa kunisikiliza.

(Makofi. Sista anamsogelea: "Mkurugenzi, umesimama mlangoni. Kuna mtu wa kufunguliwa.")

Nasogea, Sista. Samahani. Pita, mzee. Nasogea.